Osraige: Mipaka ya Ufalme wa Bonde la Nore

Mtu akiuliza ufalme wa kale wa Osraige nchini Ireland ulianzia wapi na kuishia wapi, jibu la haraka analopewa ni kwenda kutazama ramani ya Kanisa. Ufalme wenyewe ulikufa zamani, lakini jina lake, ambalo Waingereza walilitamka Ossory, bado ni jina la dayosisi ya Kikatoliki yenye makao mjini Kilkenny. Na mpaka wa dayosisi hiyo, tunaambiwa, ndio mpaka wa ufalme. Kanuni hii si ya mitaani. Ilipewa nguvu na John O'Donovan, mwanazuoni aliyezaliwa mwaka 1806 kusini mwa kaunti hiyohiyo ya Kilkenny, ambaye katika miaka ya 1830 alipita kaunti baada ya kaunti akikusanya majina ya mahali kwa ajili ya ramani za serikali. Aliona kwamba nchi ya Uí Fiachrach Aidhne, huko Galway ya kusini, inalingana na dayosisi ndogo ya Kilmacduagh, na kwamba nchi ya Corco Mruad, huko Clare, inalingana na dayosisi ya Kilfenora. Akahitimisha kwamba maaskofu walipogawiwa nchi walipewa falme zilizokuwapo, na kwa kuwa Kanisa ni zito kubadilika, mistari yake imehifadhi mistari ya wafalme. Sina ugomvi na hitimisho hilo hadi hapo. Ugomvi wangu ni na neno moja ambalo wafuasi wake huliongeza bila kulifikiria, yaani kwamba mistari hiyo ni ya asili. Dayosisi ya Ossory inatuonyesha Osraige ya mwanzo wa karne ya 12, na hata hiyo inatuonyesha kwa jicho la ukoo mmoja uliokuwa madarakani wakati huo. Anayetaka mpaka wa Osraige hana budi kusema kwanza anautaka mpaka wa lini.

Tuanze na ardhi yenyewe. Kiini cha Osraige ni bonde la mto Nore, unaoanzia kwenye milima ya Tipperary, ukateremka kupita nchi ambayo leo ni kusini-magharibi mwa kaunti ya Laois, ukaikata kaunti ya Kilkenny katikati, kisha ukajiunga na mto Barrow kabla ya kufika baharini. Kaskazini ipo safu ya Slieve Bloom, ambayo kilele chake cha juu, Arderin, kina mita 527 tu. Mashariki upo Barrow, kusini upo Suir, na magharibi vipo vilima vya Slieveardagh. Kwa upande mmoja wa bonde hili ulikuwa ufalme mkuu wa Munster, ukiwa na makao yake Cashel. Kwa upande wa pili ulikuwa ufalme mkuu wa Leinster. Osraige ilikaa kati ya wakubwa hao wawili, na karibu kila jambo katika historia ya mipaka yake linatokana na kukaa huko.

Lakini ufalme huo ulikuwa kitu gani? Hapa ndipo msomaji wa ramani za leo anapopotea, kwa sababu anafikiria mstari uliochorwa na askari wakiulinda. Sheria za Ireland zilizoandikwa katika karne ya 7 na ya 8 zinaeleza mpangilio mwingine. Msingi wake ulikuwa túath, yaani watu wachache wenye mfalme wao mdogo, na ardhi yao inayojulikana vizuri na majirani. Mtu huru alikuwa na haki kamili ndani ya túath yake. Nje ya hapo alikuwa karibu na mgeni tu, isipokuwa kama wafalme wawili wamewekeana mkataba. Kitabu cha sheria kiitwacho Críth Gablach, cha takriban mwaka 700, kinapanga wafalme kwa madaraja: yupo mfalme wa túath moja, juu yake yupo mfalme wa túath kadhaa, na juu yao yupo mfalme wa wafalme. Mwanahistoria Francis John Byrne alikadiria kwamba Ireland ilikuwa na wafalme wasiopungua 150 kwa wakati mmoja. Sasa mfalme wa daraja la pili au la tatu hakuitawala ardhi ya walio chini yake. Aliwatawala wafalme wenyewe: alichukua mateka kutoka koo zao, akapokea ng'ombe kama ushuru, akawaita vitani. Mfalme mdogo akihamisha utiifu wake, túath nzima ilihama naye pamoja na mipaka yake ya ndani, bila jiwe lolote la mpaka kusogezwa. Kwa hiyo mpaka wa Osraige haukusogea hatua kwa hatua kama ufuo unaoliwa na maji. Ulirukaruka, túath nzima kwa mkupuo mmoja. Majina ya vipande hivyo bado yapo katika tarafa za zamani za kaunti ya Kilkenny: Iverk ni watu wa Uí Eirc, Shillelogher ni kizazi cha Síl Fáelchair. Osraige ilikuwa jumla yao, na jumla hubadilika.

Ushahidi wa kwanza ninaouleta unaweza kuonekana kana kwamba unanipinga, na ndiyo maana nauweka mbele. Upande wa kusini-magharibi kuna kijito kiitwacho Lingaun, kinachotoka mlima Slievenamon na kumwaga maji yake katika Suir karibu na mji wa Carrick. Si mto wa kutisha. Mtu mzima huuvuka kwa miguu mahali pengi. Hata hivyo leo unatenganisha kaunti ya Kilkenny na kaunti ya Tipperary, na unatenganisha dayosisi ya Ossory na dayosisi jirani ya Waterford na Lismore. Masimulizi ya kufukuzwa kwa watu wa Déisi, yaliyotungwa takriban karne ya 8, yanaueleza mto huohuo. Yanasema kwamba Óengus, mfalme wa Cashel, alimwoa Eithne, binti aliyelelewa na Déisi, ambao walimlisha nyama ya watoto wadogo ili akue upesi awafae kwa ndoa hiyo. Kwa ajili yake mfalme akawaruhusu walezi wake kuchukua uwanda wa Feimin, kaskazini mwa Suir, ikiwa wangeweza kuwatoa waliokuwamo. Waliokuwamo walikuwa Osraige. Wakapigwa, wakakimbia hadi Lingaun, na mto huo ukawa mpaka kati ya watu hao wawili.

Basi mpaka wa karne ya 8 na mpaka wa leo ni mmoja, na mtetezi wa kanuni ya kale atasema hoja yangu imekufa kabla haijazaliwa. Ngoja kidogo. Tukiacha habari ya nyama, ambayo kila mtu atajua la kuifanyia, masimulizi yanathibitisha kwamba mwandishi wa karne ya 8 aliona mpaka Lingaun. Yanathibitisha pia kwamba aliona haja ya kueleza kwa nini uko hapo, kwa sababu watu wa enzi yake walikuwa wakisema, kwa haki au kwa uongo, kwamba Osraige ilikuwa imefika mbali zaidi ya hapo, hadi kwenye uwanda wa Feimin. Mwandishi aliyelitunga jambo hili aliutetea upande wa Déisi. Hakuwa na sababu ya kuwapamba Osraige kwa ardhi ambayo hawakupata kuwa nayo. Na ukiutazama mto wenyewe, mawe yanasimulia kisa kingine. Kwenye ukingo wa Tipperary, mahali paitwapo Ahenny, imesimama misalaba miwili mirefu ya mawe ya karne ya 8 au ya 9, iliyofunikwa kuanzia chini hadi juu kwa nakshi za mizunguko na misokoto, na vifundo vya mviringo vimejitokeza kwenye jiwe kama misumari ya mfua shaba. Ng'ambo ya pili, upande wa Kilkenny, ipo misalaba ya Kilkieran na msalaba wa Killamery, yenye mtindo uleule na inayoonekana kutoka kwenye mikono ya ufundi mmoja. Wanahistoria wa sanaa huiita yote kundi la Ossory, ingawa baadhi yake imesimama nje ya Ossory. Mafundi na walinzi wao waliuvuka Lingaun bila kuomba ruhusa. Kwa upande huu mpaka ulidumu, nakubali. Lakini ulidumu kama matokeo ya kushindwa vita, na kumbukumbu ya mpaka mwingine ikabaki hai.

Tukitoka kwenye ardhi tukaja kwa wenye ardhi, mambo yanakuwa matata zaidi. Ukoo uliokuja kuhesabiwa kuwa wa kifalme Osraige ni Dál Birn, ambao nasaba zake zinapanda hadi kwa Lóegaire Birn. Lakini orodha za kale za wafalme, na habari za karne ya 6, zinaonyesha Osraige ikiwa mikononi mwa wafalme wa Corcu Loígde, watu ambao kiini chao kilikuwa mbali kabisa, kwenye pwani ya kusini-magharibi ya Cork. Mmoja wao, Feradach mwana wa Duach, aliuawa katika miaka ya 580. Tujiulize basi: mpaka wa Osraige siku za Feradach ulikuwa upi? Alikuwa mfalme kutoka ukoo wenye kiini mbali na Osraige, na dayosisi yoyote ya leo haiwezi kutujibu, kwa kuwa ramani iliyotufikia ilichorwa baada ya Dál Birn kushika kila kitu.

Shauri hilo lilikatwa zaidi na Cerball mwana wa Dúnlang, mfalme wa ukoo huo wa Dál Birn, aliyekufa mwaka 888 baada ya kutawala zaidi ya miaka 40. Waviking wa Dublin walipigana naye na walipigana pamoja naye, kulingana na msimu; jina lake lilifika hadi Iceland, ambako vitabu vya nasaba vinamtaja kwa jina la Kjarval kuwa babu wa walowezi kadhaa wa kisiwa hicho. Mwaka 859 aliuvamia ufalme wa Mide akiwa na wafalme wa Waviking, Amlaíb na Ímar, na mwaka huohuo ukaitishwa mkutano wa wakubwa wa Ireland mahali paitwapo Ráith Áeda, ambapo leo ni Rahugh, kaunti ya Westmeath. Alikuwapo Máel Sechnaill, mfalme wa Tara. Alikuwapo mrithi wa Mtakatifu Patrick kutoka Armagh, na mrithi wa Mtakatifu Finnian kutoka Clonard. Tarehe za Ulster zinaandika kilichoamuliwa: Cerball alikubali kutoa haki aliyodaiwa na jumuiya ya Patrick, na Osraige ikatengwa na Munster na kukabidhiwa nusu ya kaskazini ya Ireland, naye Máel Guala, mfalme wa Munster, akauwekea utengano huo dhamana yake. Hakuishi kuona matunda yake, maana Waviking walimuua mwaka huohuo.

Msomaji anayetafuta mpaka ardhini hatapata chochote katika habari hii. Hakuna mto uliotajwa, hakuna kilima. Kabla ya mkutano, mpaka mkuu uliokuwa na maana kisiasa ulipita mashariki ya Osraige, ukiitenga Munster na Leinster. Baada ya mkutano ulipita magharibi yake. Bonde la Nore halikusogea hata shubiri, lakini Munster ilipungua bonde zima. Na safari haikuishia hapo. Mwaka 1033 Donnchad Mac Gilla Pátraic, mjukuu wa mbali wa Cerball, alitwaa ufalme wa Leinster na akaitisha maonyesho ya Carman, mkutano mkubwa ambao mfalme wa Leinster peke yake ndiye aliyekuwa na haki ya kuuitisha. Wanazuoni wengi huamini kwamba ni katika enzi yake, kabla hajafa mwaka 1039, ndipo zilipotungwa habari zinazomtukuza Cerball, ambazo zimetufikia kupitia nakala ya karne ya 17 chini ya jina la Tarehe za Vipande. Mtu aliyetwaa kiti cha watu wengine alihitaji babu wa fahari, na alimpata. Kwa karne mbili, basi, Osraige ilihesabiwa kusini, ikahesabiwa kaskazini, na mwisho ikahesabiwa mashariki.

Tunafika sasa kwenye sinodi ya Ráth Breasail ya mwaka 1111, iliyoendeshwa chini ya Muirchertach Ua Briain, mfalme wa Munster, ambapo Kanisa la Ireland liligawiwa dayosisi zenye mipaka kwa mara ya kwanza. Maamuzi yake tumeyapata kwa njia ya Seathrún Céitinn, padri na mwanahistoria wa karne ya 17, aliyenakili kutoka kitabu cha Clonenagh ambacho baadaye kilipotea. Dayosisi ya Kilkenny imepewa nukta nne tu: kutoka Slieve Bloom hadi Mileadhach, na kutoka Grian Airbh hadi Sliabh Mairge. Hizo ni ncha nne za msalaba uliolazwa juu ya nchi. Kilichounganisha ncha hizo ni parokia moja moja, na parokia hizo zilipangika polepole katika vizazi vilivyofuata. Na tazama dayosisi hiyo imewekwa upande gani: miongoni mwa zile za Leinster. Kama sinodi ingekuwa inahifadhi mambo ya asili, ingeiweka Munster. Ilihifadhi mambo ya jana na juzi, mambo ya Donnchad.

Hapa pingamizi kubwa zaidi linasimama. Atasema mtu: O'Donovan hakukosea kuhusu Aidhne na Corco Mruad, na mfano mzuri mmoja una uzito kuliko mashaka kumi. Nakubali kwamba hakukosea. Lakini Kilmacduagh na Kilfenora hazimo katika orodha ya mwaka 1111. Zilitambuliwa kwenye sinodi ya Kells ya mwaka 1152, mbele ya Kardinali John Paparo, mjumbe wa Papa. Sinodi ya kwanza ilizipuuza, ya pili ikazikubali, na kilichobadilika kati ya sinodi hizo mbili hakikuwa urefu wa umri wa falme hizo bali nguvu ya watu waliozisemea. Nchi ya Éile, jirani wa Osraige upande wa magharibi, ilikuwa ya kale vilevile, lakini dayosisi yake, iliyotambuliwa Kells, haikudumu. Corcu Loígde, ambao zamani walitoa wafalme wa Osraige, walisubiri hadi Kells ndipo dayosisi ya Ross ikatokea. Falme zilizopata dayosisi ni zile zilizokuwa na mtetezi chumbani siku ile. Ndiyo, dayosisi inalingana na ufalme, ila ni ufalme wa siku ya kugawa.

Pingamizi la pili ni la wanajiografia: mito na milima haihami, kwa hiyo mpaka uliofuata mito na milima ulikuwapo tangu mwanzo. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama mpaka ungeifuata kweli. Kwenye Barrow, mji wa Graiguenamanagh uko ukingo wa magharibi, upande wa Kilkenny, na bado parokia yake ni ya dayosisi ya Kildare na Leighlin. Hali ni hiyohiyo kwa Paulstown. Mstari wa Kanisa unaupanda ukingo na kuuacha mto nyuma. Kaskazini Slieve Bloom inaonekana kama ukuta uliojengwa makusudi, na ng'ambo ya ukuta huo, katika kaunti ya Offaly, ipo parokia ya Seir Kieran ambayo ni ya Ossory hadi leo, ikiwa imezungukwa na dayosisi za wengine.

Parokia hiyo ndogo inastahili kutuweka kitako, kwani ndiyo inayoichanganya ramani kuliko kitu kingine chochote. Seir Kieran ni Saighir ya zamani, kanisa la Mtakatifu Ciarán, mlezi wa Osraige, ambaye mama yake anatajwa kuwa wa Corcu Loígde. Lilikuwa ndani ya nchi ya Éile. Maisha ya Ciarán yanasema Patrick alimwagiza ajenge penye chemchemi iliyo katikati ya Ireland, mpakani mwa watu wa kaskazini na wa kusini. Céitinn anasimulia kwamba wafalme wa Osraige walizikwa hapo, na kwamba Sadhbh, binti wa mfalme wa Osraige aliyeolewa na mfalme mkuu aitwaye Donnchad (si yule Mac Gilla Pátraic), aliona haya kwamba makanisa makubwa yote yana maboma na Saighir haina. Akamsihi mumewe, na watu wa Mide wakatumwa kulijenga. Wapo wanaosema Saighir ni mabaki ya Osraige iliyowahi kutanda pande zote mbili za mlima. Huenda, lakini hakuna haja ya dhana hiyo. Wafalme waliozikwa nje ya nchi yao waliiacha ardhi ya makaburi ndani ya kundi la askofu wao, na makasisi wakaishikilia. Kwa vyovyote vile, ramani ya dayosisi yenye kisiwa ng'ambo ya mlima haiwezi kusomwa kama umbo la ufalme wowote uliopata kutawaliwa. Ni daftari la haki zilizokusanywa kwa nyakati tofauti: hapa utiifu, pale ushuru, kule maziko.

Baada ya mwaka 1169 daftari hilo likafungwa. Diarmait Mac Murchada, mfalme wa Leinster aliyekuwa amepofushiwa mwana na Mac Gilla Pátraic, aliwaongoza wageni wake Wanormani dhidi ya Osraige mara baada ya kuutwaa mji wa Wexford. Ndani ya kizazi kimoja bonde la kusini likawa mali ya bwana wa Kinormani, William Marshal, mji wa Kilkenny ukapewa hati yake mwaka 1207, na ukoo wa Mac Gilla Pátraic ukabaki na miinuko ya kaskazini, nchi iliyokuja kuitwa Upper Ossory. Hapo ndipo inabidi nimpe O'Donovan haki yake yote: kuanzia wakati huo, kila serikali iliyofuata iliichana Osraige upya, na Kanisa peke yake ndilo lililoiacha ilivyokuwa. Mwaka 1541 Brian Mac Giolla Phádraig alisalimisha nchi yake kwa Mfalme Henry VIII akarudishiwa kama Baroni wa Upper Ossory. Kaunti ya Malkia, Laois ya leo, ilipoundwa katika miaka ya 1550, Upper Ossory haikuwamo. Iliunganishwa nayo karibu na mwaka 1600. Rathdowney na Borris-in-Ossory zikawa Laois kwa mahakama na kodi, zikabaki Ossory kwa ubatizo, ndoa na maziko, na makasisi wake bado wanapangiwa kazi kutoka Kilkenny.